Mlango wa Kabati la Jikoni Ukilegea, Usikimbilie Kununua Mwingine

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wakazi waliokusanyika Dar es Salaam. Tumeyaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada zangu, na vijana mliosimama pale nyuma: habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja.

Naomba mnyooshe mikono. Nani hapa ana mlango wa kabati la jikoni unaoning'inia? Nani ana mlango ambao hauwezi kuufunga mpaka uunyanyue kwanza? Nani amebana karatasi iliyokunjwa kwenye mlango ili usijifungue wenyewe?

Mikono ni mingi. Sasa niulize lingine: wangapi mmeshaambiwa kwamba dawa yake ni kutengeneza mlango mpya?

Hilo ndilo lililonileta. Mlango wenyewe ni mara chache uwe na kosa. Unachoshikiliwa nacho ndicho kinacholegea: bawaba, au tundu la skrubu, au kabati lenyewe limehama. Mtu akikuuzia mlango mpya bila kutafuta kilicholegea, utalipa leo na mwakani utamwita tena. Nami inaniuma kuona mama anatoa hela ya ada ya mtoto kununua mlango wakati kazi iliyohitajika ni ya bisibisi na robo saa.

Basi tuanze na kutafuta kosa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Kuna familia moja Tabata ilibadilisha milango miwili ya kabati la ukutani, lile la kuwekea sahani. Ubao mpya, rangi mpya, bawaba mpya. Haukupita muda, milango mipya ikaanza kugongana palepale ilipokuwa ikigongana ile ya zamani. Kwa nini? Hakuna aliyetazama kabati. Upande mmoja ulikuwa umeshuka kwa sababu skrubu ya juu iliishia kwenye plasta, haikufika kwenye tofali. Sahani, vikombe na mabakuli ya udongo yakavuta taratibu, plasta ikamong'onyoka, kabati likakaa upogo. Hata uweke mlango wa dhahabu kwenye kabati la upogo, utagongana.

Kwa hiyo shikeni hili kabla ya kushika bisibisi. Mlango mmoja ukikosea peke yake, anza na bawaba yake. Milango yote ya mstari ikikosea kwa pamoja, anza na kabati.

Unalijuaje kabati la upogo? Chukua futi ya fundi. Fungua milango, pima ndani kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, halafu kutoka juu kulia hadi chini kushoto. Vipimo viwili vikilingana, au vikitofautiana kwa milimita 1 au 2, kabati liko sawa. Tofauti ikifika milimita 5 au zaidi, usiguse bawaba hata moja. Toa vyombo vyote. Litegemeze kwa chini kwa mbao mbili ili lisije likakuangukia. Kisha lirudishe kwenye mstari kwa pima maji, na ulifunge upya.

Na kulifunga upya kuna hesabu yake. Ubao wa nyuma unaobeba kabati una unene wa milimita 18. Plasta ya kuta zetu ni milimita 15 hadi 20. Ukitumia skrubu ya milimita 40, umefunga kabati kwenye plasta! Tumia skrubu ya milimita 80, na plagi ya plastiki ya milimita 10, na uisukume plagi ipite plasta yote ikae ndani ya tofali. Ni tofali linalobeba, plasta haibebi kitu. Na tafadhali, usitoboe ukuta moja kwa moja juu au chini ya swichi wala soketi, maana waya za umeme hupita hapo.

Makabati ya chini nayo hushuka, hasa yakisimama moja kwa moja kwenye sakafu inayodekiwa kila siku. Mguu ukinyonya maji unaoza au unavimba, kona moja inabadilika kimo, milango inafuata. Weka pima maji juu ya kabati kabla ya kulaumu bawaba. Hilo halihitaji maneno mengi.

Tuseme sasa kabati liko sawa na tatizo ni mlango mmoja. Sogeeni karibu, hii sehemu nataka kila mmoja aondoke nayo.

Fungua mlango wowote wa kabati la kisasa utazame bawaba yake. Kuna kikombe cha chuma kilichozama ndani ya mlango. Kuna mkono unaotoka kwenye kikombe. Na kuna kitako kilichofungwa kwenye ubavu wa kabati, mkono umekaa juu yake. Kwenye ule mkono utaona skrubu mbili zimefuatana. Ile iliyo karibu na mlango inasogeza mlango kushoto na kulia. Ile ya nyuma yake inasogeza mlango ndani na nje. Kupanda na kushuka kunafanyika kwenye kitako: bawaba nyingi za hapa kwetu kitako kina matundu marefu, unalegeza skrubu zake mbili, unanyanyua mlango, unakaza. Bawaba nzuri zaidi zina skrubu ya tatu ya kazi hiyo.

Kila skrubu ina uwezo mdogo: kama milimita 2 kila upande, ya ndani na nje inaweza kufika 3. Mtaniuliza, milimita 2 zitasaidia nini kwenye mlango ulioshuka hivi? Zinasaidia sana, na hesabu yake ni hii. Mlango una upana wa sentimita 40, bawaba zimeachana sentimita 50. Ukivuta bawaba ya juu milimita 1 kuelekea kwenye ubavu wa kabati, na ukasukuma ya chini milimita 1 kuutoka ubavu huo, ile kona ya upande wa mshikio inapanda zaidi ya milimita moja na nusu. Mwanya kati ya mlango na mlango unatakiwa uwe kama milimita 3. Umeshaona? Nusu ya mwanya mzima umeirudisha kwa kuzungusha skrubu mbili tu.

Narudia, maana hapa ndipo watu huchanganya. Mlango ukishuka upande wa mshikio: bawaba ya juu, vuta kuelekea ubavuni. Bawaba ya chini, sukuma utoke ubavuni. Juu uvute, chini usukume. Juu uvute, chini usukume. Mkizungusha zote mbili upande mmoja, mlango utahama mzima mzima na utabaki umeinama vilevile.

Kijana mmoja mpangaji, huko Mbezi, alizungusha kila skrubu aliyoiona, zikiwemo zile za kitako, zote kwa mpigo na kwa mashine ya betri. Mlango ulimwangukia mguuni. Hakuwa mzembe, hakuna aliyemwambia utaratibu. Utaratibu ni huu.

Kwanza kaza kila kitu kilicholegea bila kurekebisha chochote: skrubu za kitako, skrubu za kikombe. Funga mlango, utazame. Milango mingi inapona hapo hapo. Kama bado, weka alama ya penseli mlango ulipo sasa, ili ukipotea uweze kurudi. Kisha rekebisha kuinama, kwa zile skrubu za mbele, nusu mzunguko, funga, tazama. Nusu mzunguko, funga, tazama. Skrubu hazifanani mwelekeo kwa kila kiwanda, kwa hiyo ule nusu mzunguko wa kwanza ndio utakaokuonyesha mlango unaelekea wapi. Ukishanyooka, rekebisha kimo. Mwisho kabisa ndipo uguse skrubu ya nyuma, ya ndani na nje. Hiyo inahusika pale ambapo mlango ukifungwa unabana upande wa bawaba halafu unarudi, haulali kabisa. Legeza, vuta mlango nje kidogo mpaka pawepo na mwanya wa milimita 1 hadi 2 kati yake na kabati, kaza.

Na tumia bisibisi ya mkono. Mashine ina nguvu kuliko ubao wa chenga unavyoweza kuvumilia, inaendelea kuzungusha skrubu hata ikishafika mwisho, na tundu linasagika. Bisibisi iwe ya nyota, saizi namba 2, yenye ncha isiyoliwa. Ukiona kichwa cha skrubu kina mistari midogo minne katikati ya ile mikono ya nyota, hiyo inataka ncha ya aina yake, PZ2. Nyota ya kawaida inaruka na kukiharibu kichwa.

Mlango mrefu una jambo lake. Ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, wa milimita 18 una uzito wa karibu kilo 13.5 kwa mita moja ya mraba. Mlango mdogo wa sentimita 40 kwa 70 hauzidi kilo 4, bawaba mbili zinautosha. Mlango wa stoo ya jikoni, mita 2 kwenda juu na nusu mita upana, ni kilo 13.5 kamili. Unautundika kwa bawaba mbili? Utashuka tu, hata ukaze kila Jumamosi. Mpaka sentimita 90, bawaba mbili. Zaidi ya hapo mpaka mita 1.6, tatu. Mita 2, nne. Na ongezeni uzito usiohesabiwa: kitambaa kilichoanikwa kwenye mshikio, mfuko wa vitunguu ulioning'inizwa, na mtoto anayepanda mlango wa chini ili aifikie sukari juu. Mtoto wa kilo 15 akining'inia ukingoni mwa mlango, skrubu zinang'oka, na si kosa la fundi.

Zikishang'oka, tunafika kwenye tatizo ninaloulizwa kuliko yote: skrubu inazunguka tu, haishiki.

Wengi mnaweka njiti za kiberiti. Si vibaya kwa dharura, ila njiti kavu zinabanwa leo, kesho zimelegea. Kuna bibi mmoja mlango wake ulijazwa njiti mara kwa mara, mwisho akaletewa skrubu ndefu zaidi. Ilishika kweli, ikatokeza upande wa pili wa mlango na kupasua rangi. Ubao ni milimita 18. Skrubu ya bawaba ni milimita 16, nene 3.5. Huwezi kuweka ya milimita 25 ukategemea miujiza.

Dawa inayodumu ni kulijaza tundu kwa mbao ngumu. Toa bawaba. Panua tundu lililosagika kwa keekee ya milimita 8, kina cha milimita 12, basi. Zungushia utepe wa gundi kwenye keekee kwenye alama ya milimita 12 ili usipitilize. Puliza vumbi lote litoke. Gundi haishiki vumbi. Chukua kijiti cha mviringo cha mbao ngumu cha milimita 8, paka gundi nyeupe ya seremala kwenye kijiti na ndani ya tundu, gonga taratibu mpaka kiingie, futa gundi iliyozidi kwa kitambaa kibichi. Sasa subiri. Subiri mpaka kesho! Asilimia kubwa ya kazi hizi zinaharibika kwa sababu fundi anataka kufunga mlango jioni hiyohiyo, gundi ikiwa bado mbichi ndani. Kesho kata kichwa cha kijiti kiwe sawa na ubao, toboa tundu dogo la milimita 2.5 katikati yake, ndipo ufunge skrubu kwa mkono. Ukifunga bila tundu dogo, kijiti kinapasuka na umerudi ulikoanzia.

Je, kama ni kile kikombe kimeng'oka na kipande cha ubao? Hapo usipoteze gundi. Hamisha bawaba. Sogea sentimita 6 au 7 juu au chini ya tundu bovu, toboa jipya la milimita 35. Ukingo wa tundu uwe milimita 3 hadi 6 kutoka ukingo wa mlango. Ukiangalia bawaba ya zamani unapata kipimo chako kamili, fuata hichohicho. Kina ni milimita 12 hadi 13, na hapa nawaombeni umakini: kwenye ubao wa milimita 16 unabaki na milimita 3 tu, na ile ncha ya katikati ya keekee inatangulia. Imetoboa milango ya watu wengi upande wa mbele. Isage ncha iwe fupi, au simama mapema. Kitako nacho kihamishe kwa kipimo kilekile. Tundu la zamani lijaze na ulipake rangi.

Hatuwezi kuondoka bila kuwagusa wenye milango ya mbao nzito, mninga, mkongo, mtiki, iliyofungwa kwenye fremu chini ya meza ya zege. Nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo, na bawaba zake ni zile za kawaida za mabamba mawili. Hazina skrubu ya kurekebisha, na mafundi wengi wakiona mlango unasugua wanakimbilia randa.

Kule Tanga, jikoni moja, milango ya mninga ilianza kusugua fremu mwezi wa Aprili, masika imekolea. Fundi akapiga randa mpaka ikafunga vizuri. Ilipofika Septemba mbao zimekauka, mianya ikawa ya kupitisha kidole, na mende wakapata njia. Mbao hutanuka kwa upana inaponyonya unyevu. Mlango wa sentimita 40 unaweza kuongezeka milimita 2 au 3 kati ya kiangazi na masika. Kabla ya randa, jiulizeni: umeanza kusugua lini? Umevimba, au umeshuka?

Ukivimba, unasugua urefu mzima wa ukingo. Ukishuka, unasugua kona moja. Ukivimba, vumilia mvua ziishe, kisha paka vanishi kingo zote nne, na hasa ule wa chini, ambao mafundi wengi hawaupaki kwa sababu hauonekani. Ukishuka, tazama bawaba ya juu kwanza, ndiyo hulegea. Weka skrubu ndefu zaidi, hapa inaruhusiwa kwa sababu fremu ni mbao nene: badala ya milimita 20, weka 35. Kama bado kona ya mshikio iko chini, fungua bawaba ya chini, weka kipande cha kadibodi nyuma ya bamba lake la fremu, funga tena. Kadibodi inasukuma sehemu ya chini ya mlango mbali na fremu, na kona ya mshikio inapanda. Kadibodi ya boksi la biskuti inatosha kuanzia. Ni kazi ya dakika 10 na mlango unabaki mzima.

Maji na kutu, kwa kifupi. Chini ya sinki ndipo milango inapokufa kweli. MDF ikinyonya maji inavimba na hairudi. Kipande cha milimita 18 kinakuwa 21, kinamenyuka. Kwanza ziba bomba linalovuja, ndipo ushughulikie mlango. Kama uvimbe ni wa juujuu, uache ukauke kabisa, piga msasa, paka rangi ya mafuta mikono miwili. Kama umeoza, kata sentimita 2 au 3 za chini, unga kipande cha mbao ngumu kwa gundi na skrubu. Na mama zangu, ile chupa ya jiki isikae kwenye kabati lililofungwa. Mvuke wake unazila bawaba, mtaona kutu imeota ndani ya kikombe hata kama hapajawahi kuingia tone la maji. Sisi wa pwani tuna chumvi ya hewani juu yake. Bawaba za chini ya sinki zikibadilishwa, tafuteni za chuma kisichoshika kutu, hata kama ni hizo mbili peke yake. Bawaba inayolia itiwe tone moja la mafuta ya cherehani kwenye viungo. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukusanya vumbi, msiyatumie.

Sasa, mkienda dukani. Msiende mikono mitupu mkaomba "bawaba za kabati". Mtapewa yoyote. Ing'oeni ya zamani mwende nayo. Hakikisheni kikombe ni cha milimita 35, maana zipo ndogo za 26. Pimeni umbali kati ya matundu mawili ya skrubu za kikombe, kutoka katikati hadi katikati: utakuwa milimita 45, 48 au 52, na lazima ulingane na wa bawaba ya zamani. Kisha tazameni mkono. Ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubavu wote wa kabati. Uliopinda kidogo ni wa milango miwili inayogawana ubavu mmoja katikati. Uliopinda sana ni wa mlango unaoingia ndani ya kabati. Ukichukua ulionyooka ukaufunga kwenye mlango wa katikati, utazungusha skrubu mpaka usiku na milango itaendelea kupandana.

Hapa mezani kuna moja ya kila aina, na kipande cha ubao chenye tundu lililosagika. Bisibisi ziko tano. Wenye milango inayoning'inia waanze, wengine tusogee tuwaone.